Swali la Mtu wa Hasamba

Mpemba, Tunduma
Februari 11, 2024

Kaka Hezron,

Nakuamkia wewe na mama, wifi Fortunata na watoto wote. Sisi huku tupo. Rozi wangu alishikwa na mafua, sasa ameanza kula na kunisumbua kama zamani. Foleni ya malori imefika tena mpaka kwetu Mpemba, vumbi na moshi vinaingia maktaba ya chuo na kila asubuhi nafuta vitabu kwa kitambaa. Miguu ya mama vipi? Dawa ya kuchua aliyoitaka nimempa Clever, huyu anayeleta maparachichi yenu sokoni, pamoja na barua hii.

Simu unajua inavyokuwa. Mama anaishika yeye, anaweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza, tunaishia kusalimiana. Kwa hiyo lenye uzito naliandika, kama tulivyofanya nilipokuwa bweni.

Nimekubaliwa kwenye mafunzo ya mtandaoni ya wakutubi wa afya. Hakuna safari. Nakaa mbele ya kompyuta ya maktaba, mwalimu yuko Kampala, wenzangu wako Nairobi, Lusaka, Blantyre, na mmoja yuko Mbeya hapa. Mimi nilisomea maktaba ya kawaida, kupanga vitabu na kuazimisha. Mwanafunzi wa uuguzi akiniuliza jambo la ugonjwa, namwonyesha rafu tu. Huku tunafundishwa kutafuta tafiti za tiba, kujua upi wa kuaminika na upi wa kutupa, kisha kumwandikia mtu jibu kwa maneno anayoyaelewa. Mkuu wa chuo amesema waziwazi: mkataba wangu unaisha mwezi wa nane, na bila cheti hicho hatauongeza.

Kila mmoja wetu anatakiwa apate swali la kweli kutoka kwa mtu wa kweli, alitafutie jibu. Wenzangu wana madaktari wao wa kuwauliza. Mimi nina wewe. Kama kuna mtu huko Hasamba ana la kuuliza kuhusu ugonjwa wowote, niandikie.

Na mbona mwaka mpya hukuja? Tulikuwekea nyama mpaka ikakauka.

Mdogo wako,
Ruti


Hasamba
Machi 20, 2024

Mdogo wangu Ruti,

Barua yako ilifika siku nyingi, mvua ndiyo imenichelewesha. Imezidi mwaka huu. Mahindi ya juu yamebeba vizuri, maharage ya bondeni yameoza yote. Mama anachua miguu kwa dawa yako na anamwambia kila mgeni kwamba binti yake ni daktari wa vitabu. Brayan amemaliza kidato cha nne, yuko shambani na mimi. Faith yupo darasa la sita. Fortunata wamempa uongozi wa kwaya ya akina mama, kwa hiyo siku hizi tunaamka kwa nyimbo. Mwaka mpya nilikuwa na mambo ya ng'ombe.

Swali nimekupatia. Yupo mtu wa hapa, rika langu, mkulima wa kahawa kama sisi. Jina hataki litajwe. Mwaka jana wakati wa kuchuma alianza kukwamwa na ugali kifuani. Akawa anausukuma kwa maji. Kufika Krismasi ikawa ni uji tu, na uji wenyewe mwepesi. Amekonda, mkanda ameutoboa tundu jipya. Mwezi wa kwanza alikwenda Mbeya kimya kimya. Walimwingiza mpira wenye kamera, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakapima. Walimwambia ni saratani ya koo la chakula, na picha inaonyesha imeshahamia kwenye ini. Daktari akasema, "Tutajitahidi, urudi." Hajarudi.

Anauliza mambo matatu. Kupona kupo au hakupo? Amebakiwa na muda gani, akitibiwa na asipotibiwa? Na kipo kitu cha kumsaidia ameze?

Nilimwambia nina mdogo wangu anayesomea kutafuta mambo hayo. Akasema, "Mwambie asinionee huruma. Aandike kama anavyosoma."

Usijibu kwa simu. Mpe Clever.

Ni mimi kaka yako,
Hezron


Mpemba, Tunduma
Aprili 28, 2024

Kaka Hezron,

Habari za tangu Pasaka? Nimesikia kwa Clever kwamba kahawa imeanza kukomaa na kwamba umemwachia Brayan kuweka dawa ya majani. Vizuri, naye ajifunze. Rozi ameongoza darasa kwa Kiswahili, hesabu tusiziseme.

Swali lako limeyashinda ya wenzangu wote. Mwalimu alilisoma mbele ya darasa akasema hivi ndivyo swali linavyotakiwa kuwa, lina mtu ndani yake. Nimelifanyia kazi wiki tatu. Mtandao wetu ukikatika nasubiri, ukirudi naendelea. Nimepitia tafiti nyingi, zikiwemo za Kenya, Malawi na hapa kwetu. Sasa mwambie hivi.

Kupona hakupo. Ugonjwa ukishafika kwenye ini, dawa na mionzi ni vya kupunguza makali tu. Nchi zetu hizi karibu wagonjwa wote hugundulika wakiwa wamechelewa kama yeye.

Muda hakuna awezaye kumtajia mtu mmoja siku yake. Ila walio wengi katika hali hiyo hawamalizi mwaka tangu wagundulike. Wasiopata huduma yoyote ni miezi michache, na wengi wao njaa huwaondoa kabla ya saratani yenyewe.

Kumeza, hapo kuna la kufanya. Kipo kijibomba cha waya laini kinachowekwa kooni kwa mpira ule ule wa kamera, bila kupasuliwa. Akiwekewa atakula vyakula laini tena. Arudi Mbeya akiulizie. Wakikosa, wamwelekeze kinakopatikana, asikubali kuambiwa nenda nyumbani. Ni uchungu mtu kufa njaa na chakula kipo jikoni.

Haya ya mwisho hayatoki kwenye utafiti, ni yangu mwenyewe. Asiuze ng'ombe kwa ajili ya waganga. Kama ana mashamba, ayagawe akiwa bado na sauti. Na mkewe asimfiche.

Samahani kama nimeandika kikavu. Ndivyo tunavyofundishwa, sentensi fupi na kutopamba.

Nimepata alama za juu kuliko wote, kaka.

Mdogo wako,
Ruti


Hasamba
Juni 6, 2024

Mdogo wangu Ruti,

Sisi wazima. Mama anakusalimu. Kahawa imeanza kuiva mstari mmoja mmoja, akina mama wameanza kuchuma. Hongera kwa alama. Niliwatangazia mezani, Faith akapiga makofi.

Yule mtu nilimsomea. Akataka nirudie pale pa kijibomba. Amekwenda. Mbeya havikuwepo, wakaandika namba yake, akarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili wakampigia, akawekewa. Jumapili iliyofuata alikula ndizi za kuponda na mchuzi wa maharage, akamaliza sahani. Watoto wake walikuwa wanamtazama tu. Mkewe anadhani ni vidonda vya tumbo vimepona.

La nyumbani ni kwamba nimewaita wazee wa ukoo. Shamba la juu nimemwandikia Brayan, la chini Faith, na nyumba hii na mibuni inayoizunguka ni ya Fortunata na mama mpaka mwisho wao. Usishangae. Baba alikufa bila kugawa na unakumbuka tulivyoteswa na baba wadogo.

Mkono umechoka. Soma kwa bidii.

Hezron


Mpemba, Tunduma
Juni 23, 2024

Kaka,

Nawasalimu wote. Rozi hajambo. Leo sina habari nyingine.

Alhamisi darasani tulifundishwa namna ya kumpokea mtu anayekuja na swali. Mwalimu akachukua kazi yangu, ile iliyopata alama za juu, akaiweka kwenye skrini.

"Ruti, aliyekuuliza ni nani?"

"Ni kaka yangu. Aliuliza kwa niaba ya mtu wa kijijini."

"Kabla ya kumjibu, ulimwuliza nini?"

"Sikumwuliza kitu. Swali lilikuwa limekamilika."

Hakunigombeza. Alisema jibu langu ni sahihi, hana la kuongeza. Ila amefanya kazi hospitalini miaka mingi, na watu wanaokuja kuuliza habari za kifo mara nyingi husema ni cha jirani. Kwa hiyo yeye, kabla hajafungua kompyuta, huvuta kiti akauliza kwanza. Nilizima kamera yangu, wakadhani ni mtandao wa Tunduma kama kawaida.

Nimepiga simu mara tatu wiki hii. Mara zote mama anasema umelala. Mchana, kaka, msimu wa kuchuma. Nakujua tangu nizaliwe, sijawahi kukuona umelala mchana msimu wa kuchuma. Nikamwuliza Clever ulivyo. Akasema, "Kaka yako mzima," akageuka kupanga makreti yake.

Mtu wa Hasamba ni wewe?

Nijibu kwa neno moja. Tarehe 19 Julai natakiwa nisimame mbele ya darasa lote kuwasilisha kazi yangu ya mwisho, na kazi yenyewe ni swali lake.

Ruti


Hasamba
Julai 3, 2024

Mdogo wangu Ruti,

Ndiyo.

Sasa tulia unisikilize. Ungejua ni mimi ungeniandikia Zaburi. Wawili wanaojua wameshanipa Zaburi zao. Daktari alisema tutajitahidi huku anatazama dirishani. Mchungaji, ambaye ni yeye tu niliyemwambia hapa, alisema Mungu hashindwi, na ni kweli, lakini mimi nilitaka kujua kama nipande mahindi au nigawe shamba. Nikaona mtu wa kuniambia ni wewe, na utaniambia usipojua ni mimi. Nilikudanganya, na ningerudia.

Ile barua yako usiililie. Uliposema kupona hakupo, nilikaa na karatasi kule chini kwenye mibuni mpaka jua likaondoka. Lakini kesho yake nilijua la kufanya, na mtu anayejua la kufanya ana nafuu. Ukanipa na kijibomba. Mwezi mzima nimekula mezani na wanangu. Wewe hujui maana ya harufu ya maharage kwa mtu aliyekuwa anakunywa uji.

Jambo moja tu uliloandika ndilo limenishinda. Fortunata hajui. Kila siku nasema leo, akija na sahani akinitazama ninavyomeza, anafurahi, nashindwa.

Mgongo umeanza kuuma, hasa nikilala. Ndiyo maana nalala mchana, usiku siwezi.

Usije sasa hivi. Ukija na uso ule wako mama atajua kabla hujavua viatu. Simama hiyo tarehe 19 uwaambie habari za mtu wa Hasamba. Sioni haya. Pata cheti chako.

Hezron


Mpemba, Tunduma
Agosti 4, 2024

Kaka Hezron,

Tulifika salama, Rozi alilala njia nzima. Anaulizia yule ndama.

Uliniambia nisije, nikaja, ukanikasirikia siku mbili nzima. Basi nikueleze niliyoshindwa kukueleza pale, mama akiwa katikati yetu.

Tarehe 19 asubuhi nilikuwa nimeandaa kila kitu. Picha ya kwanza kwenye skrini iliandikwa: mwanaume, mkulima, umri wa kati, Songwe. Nikaitazama. Niliona nikishaisoma kwa sauti mbele ya watu wale, utakuwa mfano, na mfano hauna mgongo unaouma. Nikamwandikia mwalimu kwamba naiondoa kazi hiyo, nikafunga kompyuta, nikaenda kumchukua Rozi. Mwalimu alinipigia baadaye. Alikuwa mpole, akanipa siku nyingine nilete swali jingine. Sikuwa na jingine. Habari ya cheti tuiache, tutaiona huko mbele.

Sasa la Fortunata. Siku ile ya Jumapili mlipokwenda na Brayan kutazama kahawa mkekani, tulibaki jikoni tunachambua maharage. Nilikuwa nimejipanga kumwambia. Nikaanza, "Wifi, kuna jambo kuhusu kaka." Hakuinua macho. Akasema, "Wifi, mashati yake nafua mimi. Mkanda wake nauona. Najua tangu kabla ya Pasaka. Karatasi za Mbeya ziko chini ya godoro upande wake, na godoro nalitandika mimi."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Anapomeza namchekea ili asione kwamba najua. Nikimwambia najua, atakuwa na kazi mbili, kuugua na kunibembeleza."

Kaka, mnafichana kitu ambacho wote mnacho. Aliniomba nisikwambie. Nimevunja ahadi, hasira zake nitazibeba.

Yule mwenzangu wa Mbeya anaitwa Joshua, ni mkutubi wa hospitali. Tulikuwa kundi moja kwenye mafunzo, hatujawahi kuonana ana kwa ana. Nilimwandikia habari za mgongo wako bila kuficha ni nani. Siku hiyo hiyo alitoka maktaba akaenda mwenyewe kwa wauguzi wanaohudumia maumivu ya wagonjwa kama wewe. Wanayo mofini ya maji, ya kunywa. Usiogope jina lake. Wana mwenzao anayefika Mlowo kila wiki, namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Piga leo.

Ruti


Hasamba
Agosti 25, 2024

Wifi Ruti,

Anayeandika ni mimi Fortunata, maneno ni ya kaka yako. Amekaa kitandani, nimemwekea mto.

Anasema: Tumesalimiana. Mama mzima, ameshaambiwa, alilia siku moja, siku ya pili akaanza kunigombeza kwamba sivai soksi. Kahawa karibu tunamaliza. Brayan amepata daraja zuri la kahawa kwenye chama cha ushirika. Muuguzi wa Mlowo alikuja mpaka hapa na pikipiki. Dawa naipata kila baada ya saa nne, na usiku nalala. Mwambie huyo Joshua, sijui nimwite nani, kwamba nalala.

Anasema: Kijibomba kimeanza kuziba. Mbeya wamesema sasa mwili hauwezi kuwekewa kingine. Nakunywa maji na maziwa kidogo.

Anasema: Fortunata alinisomea barua yako yote, na pale penye habari zake alisoma bila kusimama, kama tangazo la kanisani. Tukacheka, kisha hatukucheka.

Anasema: Kazi yako vipi? Mkataba umeongezwa?

Nimemwuliza kama tumalize, amesema bado.

Anasema: Nina swali jingine na safari hii ni langu. Mtu wa ugonjwa huu mwisho wake unakuwaje? Simwulizi muuguzi, ana wagonjwa wengi na pikipiki yake inamngoja. Nataka Fortunata asije akashtuka akiwa peke yake. Tafuta, uandike kama unavyosoma.

Amelala sasa. Wifi, mimi naongeza langu. Asante kwa kuvunja ahadi.

Fortunata


Mpemba, Tunduma
Septemba 1, 2024

Kaka Hezron, na wewe wifi unayemsomea,

Salamu kwa mama, Brayan na Faith. Kazini hakuna tatizo, wamenipa nafasi ya kutosha. Ijumaa nakuja na Rozi na nitakaa. Nakuja na magodoro yetu na jiko langu la gesi, msipike kuni ndani. Brayan aniulizie kwa mwalimu mkuu kama darasa la tatu lina nafasi ya mtoto mmoja.

Kompyuta ya maktaba siwezi kuitumia tena, kwa hiyo swali lako nimelitafutia jibu kwenye simu, na tafiti zilizofungwa Joshua amenitumia. Mwalimu wa Kampala naye nilimwandikia. Alijibu, ingawa mimi si mwanafunzi wake tena.

Wifi, simama kidogo hapa. Mwulize kaka kama bado anataka. Akisema hapana, kunja karatasi, tutaongea mengine Ijumaa. Akisema ndiyo, endelea.

Kaka, wengi husinzia. Usingizi unakuwa mrefu kuliko kukesha. Hamu ya chakula inaondoka yenyewe, na mwili hauoni njaa kama tunavyodhani sisi tunaotazama, kwa hiyo mgonjwa asilazimishwe. Midomo inakauka. Lowanisheni kitambaa safi, mumpitishie, mumpake mafuta kidogo. Mikono na miguu itakuwa ya baridi. Pumzi itabadilika, itakwenda na kusimama na kwenda tena, na huenda ikakoroma kooni. Sauti hiyo inawatisha walio kando kuliko anayeitoa. Mgeuzeni ubavu. Dawa ya maumivu msiikate hata akiwa halalamiki. Mara chache damu inaweza kutoka mdomoni. Wekeni shuka la rangi nyeusi karibu ili isiwashtue, na muuguzi apigiwe. Nimeandika na hilo kwa sababu ulisema nisikuonee huruma, ila nimekuonea, kaka, nimeliandika mara nne ndipo likakubali.

Wauguzi wanasema masikio ndiyo yanachelewa kuondoka. Kwa hiyo msinong'one humo ndani. Ongeeni sauti za kawaida. Mama alalamikie miguu yake, Brayan agombane na wachumaji, Faith asome masomo yake kwa sauti. Na wewe wifi, imba zile za kwaya unazomwamshia.

Kama amefumba macho sasa, usikatishe. Msomee mpaka kwenye jina langu.

Ruti